Kaburi la miaka 15 bila jiwe: Nilivyomtafuta Fergusson ambaye si kocha wa Manchester

UKILITAJA jina la Ferguson kwenye kijiwe chochote cha Dar es Salaam, hata muuza kahawa atakujibu bila kuinua birika: yule mzee wa kutafuna bazoka, kocha wa Manchester United, aliyetesa tangu mwaka 1986 mpaka aliponga'tuka mwaka 2013. Huyo ni Mskoti wa Glasgow na wala sina ugomvi naye.

Lakini mpenzi msomaji, Mskoti ninayetaka kukusimulia wiki hii jina lake lina ‘s’ mbili. Anaitwa Robert Fergusson. Hakucheza mpira wala hakuwahi kuwa na mapesa. Alikuwa mshairi, na alikufa mwaka 1774 akiwa na miaka 24 tu, tena ndani ya nyumba ya vichaa. Walipomzika, kaburi lake likakaa miaka 15 bila jiwe wala jina. Na jiwe lilipokuja, lilinunuliwa na mtu ambaye hakuwahi hata kumtia machoni.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya, nilipopata bahati ya kukaa Edinburgh wiki mbili, niyape kisogo maduka ya nguo na kuchapa lapa kuwatafuta washairi ambao watalii huwapita bila kuwasabahi. Twende pamoja.

MJI WENYE STESHENI YA RIWAYA

Edinburgh ndio mji mkuu wa Uskoti, na ni mji wa mawe. Nyumba za mawe, ngazi za mawe, hata barabara za sehemu ya zamani ni mawe matupu. Vaa viatu vya maana, vya kisigino utajuta!

Ukishuka kwenye treni unashukia stesheni inayoitwa Waverley. Usidhani hilo ni jina la waziri au jenerali fulani. Waverley ni jina la riwaya ya Sir Walter Scott iliyotoka mwaka 1814. Ukipanda ngazi na kutokea mtaa wa Princes, unakutana uso kwa uso na mnara wa huyo huyo Scott, umechongoka kwenda juu kiasi cha mita 61, mweusi kwa masizi ya miaka mingi. Mwenyewe kakaa chini yake, kachongwa kwa marumaru nyeupe, mbwa wake ubavuni.

Kwa mtu anayeishi kwa kalamu kama mimi, moyo ulifurahi. Kumbe kuna mji duniani unaowapa waandishi heshima ya wafalme!

Furaha ikaanza kupungua siku ya pili, baada ya kuona kwamba majina ni yale yale. Ukienda huku Scott, ukienda kule Robert Burns, yule aliyeuachia ulimwengu wimbo wa kuagia mwaka. Ukigeuka ni Robert Louis Stevenson, ambaye riwaya yake moja wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Kuna nyumba moja ya mwaka 1622, kwenye uchochoro uitwao Lady Stair's Close, ambayo wameifanya Makumbusho ya Waandishi. Kuingia ni bure kabisa. Ndani ni hao hao watatu: Burns, Scott na Stevenson. Basi.

Nikatoka nje nimenuna kidogo, nikainamisha kichwa. Ndipo nikaona kwamba nimesimama juu ya watu.

WALIO CHINI YA VIATU

Ua ule wa nje ya makumbusho unaitwa Makars' Court, na ulifunguliwa mwaka 1998. Makar ni neno la Kiskoti la zamani kwa mshairi, maana yake mtu anayeunda kitu, kama vile fundi. Sakafu ya ua ni mabamba ya mawe, na kila bamba limechongwa jina la mwandishi, miaka yake na kipande cha maandishi yake. Watalii wanakanyaga tu na kupita, macho yao yako kwenye mlango wa makumbusho.

Nilizunguka pale karibu saa nzima, naandika majina kwenye daftari. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Hapa yuko Violet Jacob, pale Helen Cruickshank, kule William Soutar. Na yuko Fergusson mwenyewe.

Nikajiuliza, hivi ni nini kinachomfanya mmoja apewe mnara wa mita 61 na mwingine akanyagwe na raba? Ni ukali wa mashairi tu? Kwa niliyoyaona baadaye, nasema hapana, kuna kingine zaidi. Lakini kwanza inabidi nikueleze jambo la lugha, vinginevyo tutaachana njiani.

LUGHA TATU, HESHIMA MOJA

Uskoti wana lugha tatu. Kuna Kiingereza, hicho unakijua. Kuna Kigaeli, cha milimani na visiwani upande wa kaskazini magharibi, ambacho Mwingereza akikisikia haambulii kitu. Halafu kuna Kiskoti. Hicho ni ndugu wa Kiingereza wa tumbo moja, ila kila mmoja kalelewa na shangazi yake. Kanisa kwao ni kirk, mtoto ni bairn, kujua ni ken. Mzee mmoja niliyemuuliza njia alinijibu kwa Kiskoti cha haraka haraka, nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Dakika tano baadaye nilikuwa nimepotea!

Zamani Kiskoti ndicho kilikuwa lugha ya wafalme na mahakama zao. Mwaka 1707 Bunge lao likaunganishwa na la Uingereza, mambo makubwa yakawa yanaamuliwa London, na wazito wa Edinburgh wakaanza kuona haya kuongea kama mama zao. Msomi wao mkubwa, David Hume, mwaka 1752 alitoa orodha ya maneno ya Kiskoti ambayo mtu mstaarabu ayaepuke. Na mwaka 1761 alikuja mwigizaji mmoja, Thomas Sheridan, akatoa mihadhara ya kuwafundisha mabwana wa Edinburgh kusema Kiingereza safi, nao wakajaa kumsikiliza. Na kichekesho chenyewe ni kwamba huyo Sheridan alikuwa mtu wa Ireland! Mwenye nyumba anakwenda kwa jirani kufundishwa jinsi ya kumwiga jirani wa tatu.

Usiwacheke sana. Mimi nimeishia kidato cha nne, na kuna shule niliyosoma ambako ukisikika unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni mpaka umkamate mwenzako mwenye kosa hilo hilo. Hata watoto wa Uskoti kwa vizazi vingi walichapwa darasani kwa kuongea Kiskoti, wakaambiwa hicho ni Kiingereza kilichooza. Kwa hiyo nilipoyasoma maisha ya Fergusson, nilijua anaongea na mimi.

KARANI WA KUNAKILI

Fergusson alizaliwa Edinburgh tarehe 5 Septemba 1750, katika uchochoro ulioitwa Cap and Feather Close. Usiutafute, haupo. Ulibomolewa kupisha daraja la North Bridge, ambalo mpaka leo mabasi yanapita juu yake.

Baba yake alikuwa karani mwenye kipato kiduchu. Kijana alisoma kwa fedha za wasia ulioachwa kuwasaidia watoto maskini wenye jina la ukoo la Fergusson, kwa hiyo jina lake ndilo lililomlipia ada. Akafika mpaka chuo kikuu cha St Andrews. Mwaka 1767 baba akafariki, na mwaka uliofuata kijana akaondoka chuoni bila shahada, akarudi nyumbani kumtunza mama yake. Kazi aliyoipata ilikuwa ya kunakili nyaraka za kisheria kwa mkono. Kutwa nzima unaandika maneno ya watu wengine, tena yale ya mirathi na madeni. Fikiria mtu mwenye kipaji anakaa humo!

Jioni ndipo alipokuwa anaishi. Alijiunga mwaka 1772 na klabu iliyoitwa Cape Club, iliyowakutanisha makarani, mafundi, wachoraji na waimbaji. Kila mwanachama alipewa jina la utani lenye cheo cha bandia. Wakila, wakinywa, wakiimba. Fergusson alisifiwa sana kwa sauti yake.

Na mashairi aliyatoa wapi? Kwenye gazeti la wiki! Naam, gazeti la wiki la kuburudisha, la mchapaji Walter Ruddiman. Alianza mwaka 1771 kwa mashairi ya Kiingereza kilichonyooka, kile cha kuigiza wakubwa wa London: wachungaji wenye filimbi, mito, machozi. Mazuri kiasi, lakini kila mtu aliandika hivyo.

Januari 1772 akabadilisha gia. Akaandika kwa Kiskoti cha mtaani kuhusu siku za ulevi na vigelegele vya mwisho wa mwaka mjini Edinburgh. Mji ukashtuka, watu wakajiona! Akaendelea: chaza wa kula usiku kwenye vilabu vya chini ya ardhi, mashindano ya farasi ya Leith, askari wa mji wanavyonyanyasa watu kwenye gulio, kengele ya kanisa inayomkera usingizini. Akaandika moja kuhusu suti ya kitambaa kizuri, la kuchekesha na lenye uchungu ndani yake, akisema kwamba mtu akivaa nguo ya maana hata mjinga huonekana ana akili, na asiye nayo hata awe na akili vipi atapitwa tu. Karani wa kunakili aliyajua hayo vizuri.

Mwaka 1773 alitoa shairi refu la mistari zaidi ya 300 kuhusu mji wenyewe, kwa jina la utani la mji: Auld Reekie, yaani Mkongwe wa Moshi, kwa sababu ya moshi wa majiko ya makaa ya mawe. Asubuhi mpaka usiku, wajakazi wanamwaga maji machafu kutoka dirishani, walevi wanarudi nyumbani, mawakili wanakimbizana. Nilipopita kwenye vichochoro vile na kuinua macho kwenye madirisha ya ghorofa ya sita, nilimshukuru Mungu kwa mabomba ya maji taka.

Kisa ninachokipenda kupita vyote ni cha mwaka huo huo. Dokta Samuel Johnson, yule Mwingereza mtunzi wa kamusi aliyezoea kuwakejeli Waskoti, alitembelea St Andrews. Maprofesa wakamwandalia karamu ya kifahari. Fergusson, mwanafunzi wao wa zamani aliyeondoka bila shahada, akawatungia shairi: mngempa chakula chetu! Akaorodhesha hegisi, kichwa cha kondoo na mapochopocho mengine ya kienyeji, ale mpaka aheshimu. Hegisi, kama hujui, ni maini, moyo na mapafu ya kondoo yaliyokatwakatwa na kuchanganywa na shayiri. Nimeila. Kwa mtu aliyekulia supu ya utumbo haina shida hata kidogo.

MWISHO WENYE MAJANI MAKAVU

Mashairi yote hayo ya Kiskoti, 30 na kitu, aliyaandika ndani ya miaka miwili hivi. Halafu giza likaingia.

Mwanzoni mwa 1774 akaanza kuwa na huzuni nzito ya kidini. Akaacha kuandika, akajitenga. Kisha akaanguka kwenye ngazi na kuumia vibaya kichwani. Mama yake hakuwa na uwezo wa kumtunza mtu aliyekuwa anapiga kelele, na mwisho wakampeleka kwenye nyumba ya vichaa ya mji, iliyopakana na nyumba ya maskini. Vyumba vya baridi, kitanda cha majani makavu. Tarehe 17 Oktoba 1774 akafia humo.

Nilikwenda eneo lile. Leo ni mitaa ya chuo kikuu, na jirani yake kuna ukumbi mdogo wa michezo ya kuigiza wa wanafunzi, jina lake Bedlam, neno la zamani la nyumba ya vichaa. Vijana walikuwa nje wanavuta sigara na kucheka. Umri wao ulikuwa ule ule wa Fergusson.

Kuna jambo moja jema lililotoka kwenye mlango ule. Daktari kijana, Andrew Duncan, alimwona Fergusson katika hali ile na hakuisahau. Akapiga debe kwa miaka mingi mji ujenge hospitali ya wagonjwa wa akili inayofanana na ubinadamu. Ilifunguliwa mwaka 1813, na mrithi wake, Royal Edinburgh Hospital, inatibu watu mpaka leo. Mshairi hakupona, lakini maelfu waliokuja baada yake walipata kitanda chenye shuka.

MGENI ANAYELIPA JIWE

Makaburi ya Canongate yako upande wa chini wa ile barabara ndefu inayotoka kwenye ngome ya mji kwenda kwenye kasri la Holyrood. Kuna kanisa lenye uso wa mviringo juu, na mbele yake, pale pale kwenye njia ya waenda kwa miguu, anatembea kijana wa shaba. Hana jukwaa wala uzio, kimo chake ni cha mtu wa kawaida. Ni Fergusson, kazi ya mchongaji David Annand, aliyezinduliwa tarehe 17 Oktoba 2004, miaka 230 kamili baada ya kifo chake. Nilipokuwa pale familia moja ilipiga naye picha bila kusoma jina.

Ukiingia getini, kaburi liko upande wa magharibi ya kanisa. Jiwe la wima, la kawaida tu. Humo humo makaburini amelala Adam Smith, yule baba wa elimu ya uchumi, kwenye kaburi la kizito hasa. Lakini jiwe la Fergusson ndilo lina hadithi.

Robert Burns alikuwa mkulima wa Ayrshire, magharibi ya nchi. Alikuwa ameshaanza kutunga alipokipata kitabu cha Fergusson, na hicho ndicho kilichomwonyesha kwamba lugha ya nyumbani inaweza kubeba shairi la maana. Shairi lake maarufu kuhusu jioni ya Jumamosi nyumbani kwa mkulima limefuata nyayo za shairi la Fergusson kuhusu moto wa jikoni wa mkulima. Burns mwenyewe hakuficha. Katika dibaji ya kitabu chake cha kwanza, mwaka 1786, alimtaja Fergusson wazi wazi.

Mwishoni mwa mwaka huo Burns akaja Edinburgh, akapokewa kama nyota. Mabibi wanataka kumwona, mabwana wanamwalika chakula. Na yeye akaulizia kaburi. Akakuta ardhi tupu.

Februari 1787 akawaandikia wakubwa wa Canongate kuomba ruhusa ya kuweka jiwe kwa gharama yake. Wakakubali. Kazi akapewa msanifu majengo aitwaye, usicheke, Robert Burn! Jiwe likasimama mwaka 1789. Bei yake pauni 5 na shilingi 10. Na Burns, ambaye hakuwa na ngwenje nyingi kama watu walivyodhani, alilipa mwaka 1792, akimweleza rafiki yake kwamba fundi alichelewa miaka miwili kuweka jiwe na yeye kachelewa miaka miwili kulipa, kwa hiyo ngoma droo.

Zaidi ya miaka 100 baadaye Robert wa tatu akaingia. Stevenson, mzaliwa wa mji ule ule, alikuwa mbali huko Samoa, mgonjwa. Mwaka 1894 akaandika kwa rafiki yake kutaka jiwe lile likarabatiwe, maana alimwona Fergusson kama ndugu aliyetangulia. Mwaka huo huo Stevenson akafa, akazikwa huko huko Samoa.

Nilisimama pale kaburini nikainua macho. Upande wa pili wa bonde, mlimani, unaonekana mnara wa nguzo uliojengwa kwa ajili ya Burns. Mwenye mnara ndiye aliyemnunulia jiwe huyu wa chini. Mashairi yalikuwepo tangu 1772, lakini jina lilibaki kwa sababu alitokea mtu wa kulibeba.

NA WALIOKOSA WA KUWABEBA?

Wako wengi. Chukua Janet Little, aliyezaliwa mwaka 1759, mwaka mmoja na Burns. Alikuwa mtumishi wa ndani, baadaye akasimamia maziwa katika kasri la Loudoun, na alitunga kwa Kiingereza na Kiskoti. Bosi wake mmoja, Bi Dunlop, alikuwa rafiki wa Burns. Mwaka 1791 Janet akafunga safari kwenda kumwona mshairi huyo nyumbani kwake, na siku hiyo Burns akarudi kavunjika mkono kwa kuanguka na farasi! Kitabu cha Janet kilitoka mwaka 1792 kwa jina la Mkamua Maziwa wa Uskoti. Nakwambia, niliwauliza watu wanne Edinburgh kuhusu huyu dada, na wote wakatikisa kichwa.

Violet Jacob alikuwa wa upande mwingine kabisa wa maisha, binti wa mabwanyenye wa karibu na Montrose. Lakini alikulia miongoni mwa wafanyakazi wa mashamba, na alipoandika mashairi aliwapa lugha yao. Mtoto wake wa pekee, Harry, alikufa mwaka 1916 kwa majeraha ya vita vya Somme. Mashairi ya mama huyo baada ya hapo yana ukimya unaokufanya ufunge kitabu kwanza.

Na Helen Cruickshank, karani wa serikali, ndiye aliyenigusa. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tawi la Uskoti la chama cha waandishi cha PEN mwaka 1927, na nyumba yake ya Corstorphine ikawa kama kambi ya waandishi waliofulia. Alitunga mashairi yake mwenyewe, mazuri, lakini muda mwingi aliutumia kuhangaikia ya wenzake. Watu wa namna hiyo ndio wanaobeba majina. Wa kuwabeba wao nani?

DIRISHA LA PERTH

Siku mbili kabla ya kuondoka nilipanda treni kwenda Perth, mwendo wa saa moja na ushee kaskazini, kutafuta nyumba namba 27 mtaa wa Wilson. Hapo ndipo alipoishi William Soutar.

Soutar alizaliwa mwaka 1898. Alitumikia jeshi la majini katika Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ugonjwa wa uti wa mgongo uliomkakamaza polepole kama mti. Kuanzia mwaka 1930 akawa mtu wa kitandani. Miaka 13 hakuinuka, mpaka alipofariki Oktoba 1943.

Baba yake alikuwa seremala. Alipoona mwanawe hatatoka tena, alichukua zana zake akapanua dirisha la chumba, ili kijana akiwa amelala aone bustani, ndege na milima. Soutar alikaa mbele ya dirisha lile akaandika mamia ya mashairi, kwa Kiingereza na kwa Kiskoti, pamoja na shajara ambazo watu wanazisoma mpaka leo. Marafiki walikuja kukaa kando ya kitanda, naye akiwapokea kavaa tai.

Mwaka 1927 wazazi wake walimchukua binti mdogo yatima kumlea. Kaka mgonjwa akaanza kumtungia mashairi ya Kiskoti, ya bundi, panya na mazimwi, yakatoka kitabuni mwaka 1933. Aliamini kwamba Kiskoti kikirudi kitarudi kupitia watoto, maana wao hawajafundishwa bado kuona haya.

Na hakukosea sana. Katika sensa ya mwaka 2022 watu wapatao milioni 1.5 walisema wanaongea Kiskoti. Mwaka 2025 Bunge la Uskoti likapitisha sheria ya kukitambua Kiskoti kuwa lugha rasmi, pamoja na Kigaeli. Lugha ile ile waliyokuwa wanachapiwa watoto, leo iko kwenye sheria! Mashairi ya Fergusson ya Kiingereza cha kuiga wakubwa, anayeyatafuta ni msomi mwenye mtihani. Yale ya chaza na kengele ndiyo yaliyomvusha.

Kama siku moja utafika huko, chukua koti zito hata kama ni Julai. Makars' Court na makaburi ya Canongate hayana kiingilio, na kutoka hapa mpaka pale ni mteremko wa kutembea taratibu nusu saa. Ukitaka vitabu, Maktaba ya Mashairi ya Uskoti iko kwenye uchochoro wa Crichton's Close, jirani kabisa na kaburi. Tembea ukiangalia chini, maana wengi wao wako hapo. Na ukimkuta yule kijana wa shaba anawahi kwenda kusikojulikana, soma jina lake kwanza, halafu ndipo upige picha.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.